Nani Aione Kwanza? Mwongozo wa Kuifunga kwa Muda Programu Huria Ambayo Haijaiva

Mwongozo huu ni wako ikiwa uko Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo, unaandika programu unayokusudia kuiachia huru ili yeyote aisome, aitumie na kuirekebisha, lakini hutaki ifike kwa kila mtu leo. Mfano nitakaoutumia ni programu ya simu inayomsaidia karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) kuandika uzito wa kahawa ya maganda, kumpa mkulima stakabadhi na kutunza kumbukumbu hata mtandao unapokatika. Kama yako ni ya zahanati au ya kikundi cha kuweka na kukopa, hatua ni zilezile.

Jambo moja kabla hatujaanza. Vyama vya ushirika vina mfumo wao rasmi, MUVU, na kahawa ya mkoa huu hunadiwa kwa mfumo wa soko la bidhaa, TMX. Programu yako ni daftari la msaada. Usiitangaze kwa namna itakayomfanya karani adhani imechukua nafasi ya mifumo hiyo.

Kwa nini uifunge kwanza

Wapo watakaokuambia kwamba programu huria haifungwi, na kwamba ukiificha hata wiki moja umeusaliti uhuru wenyewe. Si kweli. Leseni huria humpa haki yule aliyekwisha kuipokea programu. Haikulazimishi kumpa mtu kabla hujawa tayari. Mwaka 2011 Google waliuzuia msimbo wa Android 3.0, toleo lililoharakishwa kwa ajili ya tableti, wakihofia lingepachikwa kwenye simu ambazo halikutengenezewa. Sehemu zilizokuwa chini ya leseni ya GPL walilazimika kuzitoa. Nyingine zilisubiri hadi Novemba, zikatoka pamoja na Android 4.0. Lawama zilikuwa nyingi, na naona walistahili: watu waliachwa wakisubiri bila kujua wanasubiri hadi lini.

Kwetu sababu za kufunga ni za karibu zaidi.

Ya kwanza ni kilo za mkulima. Karani akiandika 58,5 na programu ikasoma 585, kuna mtu atalipwa kahawa ambayo hakuileta. Ikichanganya maganda na kahawa safi, hesabu inapotea karibu nusu nzima, maana kilo mbili za maganda hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi.

Ya pili ni namna programu zinavyosafiri huku. Wengi hawapiti Play Store. Faili la APK, yaani la kusakinishia programu, hurushwa kwa Xender, kwa WhatsApp, kwa memori kadi ya binamu. Toleo bovu likitoka Nyaishozi Jumatatu, Ijumaa liko Mabira, na huna namna ya kuliita lirudi.

Ya tatu ni taarifa za watu. Majina, namba za simu, namba za NIDA, akaunti za benki na kilo za kila kaya vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa hizo anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kusema "tulikuwa tunajaribu tu" si kinga.

Ya nne ndiyo inayonikera. Mkulima wa Kagera anaijua butura: kahawa inauzwa ingali maua mtini, fedha kidogo inashikwa leo, na siku ya mavuno mzigo una mwenyewe mwingine. Nawe utaletewa ofa ya aina hiyo. Mnunuzi atakulipia kompyuta na bando ili ofisi yake iitumie programu miezi sita kabla ya wengine, au ione mapema kilo zinazoingia ghala hadi ghala. Ikatae. Zuio la mapema ni halali pale linapomlinda mtumiaji dhidi ya programu mbichi. Likigeuka nafasi ya kuuzwa, anayeumia ni mkulima yuleyule uliyesema unamsaidia, kwa sababu anayejua kilo kabla ya mnada ana nguvu kuliko asiyejua.

Ukishampa, umempa

Kabla ya kufunga chochote, jua leseni yako inaruhusu nini.

Kama msimbo wote umeuandika wewe na wenzako, bado mko huru: mnaweza kumpa mjaribu nakala kwa masharti ya majaribio, kisha siku ya kufungua mkatangaza leseni huria. Kama mmejenga juu ya kazi ya watu, soma leseni yao. ODK Collect, inayotumika sana kukusanyia takwimu vijijini, ina leseni ya Apache. DHIS2, inayobeba takwimu za afya za MTUHA, ina leseni ya BSD. Leseni hizo mbili zinakuruhusu kutoa toleo la majaribio lenye masharti yako, mradi utunze matamko yao ya hakimiliki.

GPL ni habari nyingine. Ukichukua msimbo wa GPL, ukauongezea wako na kumpa karani APK, karani huyo ana haki ya kupata msimbo na ya kumpa amtakaye. Huwezi kumsainisha karatasi ya kumzuia. Unaweza kumwomba, na wengi wakiombwa kwa heshima husikia. AGPL, iliyo kwenye KoboToolbox, huenda mbali zaidi: hata anayetumia programu kupitia seva yako, bila kupewa faili lolote, ana haki ya kuuomba msimbo.

Kwa hiyo uamuzi wenye nguvu ni ule wa nani umpe. Masharti yanayofuata baada ya hapo ni dhaifu, na pengine ni batili.

Milango ni mingi. Usiifunge yote kwa kufuli moja

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaweka repo, yaani hifadhi ya msimbo, kuwa ya siri na kudhani wamemaliza. Programu moja ina milango kadhaa, na kila mmoja una muda wake.

*Msimbo.* Ufunge kwa muda mfupi kuliko yote, au usiufunge kabisa. Anayesoma msimbo ni mtengenezaji mwenzako. Si yeye atakayekosea kilo za mkulima.

*APK.* Huu ndio mlango wa kulinda hadi majaribio yaishe.

*Seva.* Kila mjaribu awe na akaunti yake. Nenosiri moja la ghala zima ni sawa na kutokuwa na nenosiri.

*Data halisi.* Haifunguliwi kamwe. Programu kuwa huria hakuzifanyi taarifa za wakulima kuwa huria, na sentensi hiyo iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi.

*Jina na nembo.* Leseni inatoa msimbo, haitoi jina. Anayetaka kutoa toleo lake alitoe kwa jina lake mwenyewe. Ukiona mradi unakua, alama ya biashara husajiliwa BRELA.

*Dosari za usalama.* Mlango huu hubaki na pazia hata baada ya kufungua, kama utakavyoona mwishoni.

Hatua za kufunga

1. Andika tarehe ya kufungua kabla ya kumpa mtu yeyote. Msimu wa kahawa huku huanza katikati ya mwaka. Panga ufungue miezi miwili kabla, tuseme tarehe 1 Aprili, ili makarani wazoee kabla foleni hazijaanza. Tarehe inaweza kusogezwa mara moja kwa sababu iliyoandikwa. "Karibuni" si tarehe.

2. Weka faili la leseni siku ya kwanza, hata kama repo bado ni ya siri, au andika wazi ni leseni ipi itakayotangazwa siku ya kufungua. Kila anayechangia msimbo akubali kwa maandishi. Rafiki aliyeandika sehemu ya stakabadhi akihamia Dar es Salaam na kuacha kupokea simu, hutaweza kuitolea leseni kazi yake kwa niaba yake. Kama mmoja wenu ni mwajiriwa, soma mkataba wake: kazi aliyoifanya ndani ya ajira inaweza kuwa mali ya mwajiri.

3. Kama umeamua kuufunga msimbo, anzisha repo ya siri na ugawe ruhusa kwa majina. GitHub inaruhusu repo za siri bila malipo tangu 2019. Wa kuandika msimbo wawe wawili au watatu. Wengine wasome tu. Kumbuka kwamba ukimwondoa mtu, nakala iliyo kwenye kompyuta yake haiondoki.

4. Lipe toleo la majaribio sura yake. Rangi nyingine, neno JARIBIO likatize juu ya kila stakabadhi, na kitambulisho tofauti cha programu ili liweze kukaa kwenye simu moja na toleo kamili bila kugongana. Huyu karani wetu ana foleni ya watu hamsini na mvua inakaribia. Hatasoma namba ya toleo, ataangalia rangi.

5. Lipe siku ya mwisho. Tarehe ikifika liache kupokea kumbukumbu mpya, lakini za zamani ziendelee kusomeka na kutolewa nje. Programu inayojifunga na data ya watu ndani ni wizi, hata kama hukukusudia.

6. Chagua njia ya kuligawa. Play Store ina majaribio ya ndani ya hadi watu 100 uliowaandika kwa barua pepe. Akaunti ya mtengenezaji hulipiwa dola 25 mara moja. Akaunti mpya za watu binafsi sharti zifanye kwanza majaribio ya kufungwa: wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, ndipo programu iruhusiwe kwenda kwa umma. Ziweke siku hizo kwenye hesabu ya tarehe yako. Ukiamua kugawa APK kwa mkono, kila mjaribu apewe faili lenye namba yake. Likionekana kwingine utajua limetokea wapi, na utamuuliza kwa utaratibu.

7. Tunza ufunguo wa kusaini. Nakala mbili, sehemu mbili, watu wawili. Kwa APK zilizogawiwa nje ya Play Store, ufunguo ukipotea hakuna sasisho litakalokubali kuingia juu ya toleo la zamani. Itabidi kila karani aifute programu na kumbukumbu zilizomo.

8. Tumia data ya kubuni. DHIS2 hufanya hivi vizuri: seva yao ya maonyesho iko wazi kwa dunia nzima, ina takwimu za mfano zenye majina ya maeneo ya Sierra Leone, na hakuna mgonjwa anayeumbuka. Tengeneza kijiji cha kubuni chenye wakulima 300. Weka humo watu wawili wenye majina yanayofanana, baba na mwanawe wanaotumia simu moja, na mkulima asiye na namba ya NIDA. Wakati wa majaribio kwenye ghala la kweli, anza na mizigo ya wanachama waliokubali kwa maandishi tu.

Nani wawe wajaribu

Usikusanye marafiki zako kumi na wawili wa chuo. Watasifu rangi. Tafuta makarani wa AMCOS mbili au tatu zilizo tofauti: moja karibu na Kayanga yenye umeme na mtandao, nyingine ndani ya Kyerwa inayochaji simu kwa sola. Mtafute mwenye simu ya bei ndogo iliyojaa picha, asiyesoma Kiingereza, na mmoja anayekupinga mkutanoni. Mkulima naye ni mjaribu: mwoneshe stakabadhi, usimweleze kitu, umuulize ameelewa amepima kilo ngapi.

Jambo moja la huku ambalo vitabu havitakuambia. Ng'ambo ya Mto Kagera upande wa magharibi ni Rwanda, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe ikinasa mnara wa upande wa pili, saa yake itarudi nyuma, na mzigo uliopimwa saa 4:20 utaonekana umekuja kabla ya ule wa saa 3:50. Mfuatano wa stakabadhi unavurugika, mkaguzi anaona uongo mahali ambapo hakuna. Tunza muda kwa saa ya kimataifa ndani ya programu, stakabadhi zifuate namba ya mfululizo, na kila jaribio lifanyike angalau kwenye ghala moja la mpakani. Uganda haina tatizo hili. Saa yao ni yetu.

> MAKUBALIANO YA MJARIBU (karatasi moja, nakala mbili)
>
> Hili ni toleo la majaribio. Litaacha kupokea kumbukumbu mpya tarehe ……… na za zamani zitaendelea kusomeka.
>
> Kila mzigo utaandikwa kwanza kwenye kitabu cha stakabadhi cha chama. Kitabu na programu vikitofautiana, kitabu ndicho kinachofuatwa.
>
> Tunakuomba usilirushe toleo hili kwa mtu mwingine hadi tarehe ……… Anayelitaka mlete kwetu.
>
> Ukiona kosa, piga picha ya skrini ukificha jina na namba ya mkulima, ututumie.
>
> Ukiona kosa linaloweza kumwonesha mtu taarifa za wengine, usilitaje kwenye kundi la WhatsApp. Tupigie.
>
> Unaweza kujitoa siku yoyote. Kumbukumbu zako utakabidhiwa.

Kama umejenga juu ya GPL, neno "tunakuomba" lisibadilishwe kuwa "ni marufuku".

Kumkatalia mkubwa

Kufuli la GitHub halitakusumbua. Atakayekusumbua ni mwenyekiti wa chama jirani, diwani, au mjomba aliyekulipia ada. Hawaombi kwa ubaya. Wamesikia kuna kitu kizuri na wanataka kijiji chao kisibaki nyuma. Ukimpa mmoja kwa siri, zuio lote limekwisha, na waliofuata utaratibu wataonekana wajinga.

Usijibu kwa ujumbe mfupi. Nenda, au piga simu, na umpe kitu badala ya kile unachomnyima:

"Shikamoo mzee. Programu bado tunaipima kwenye maghala matatu, na makosa ya uzito bado tunayaona. Nikikupa leo ikakosea kilo za mwanachama, lawama itakufikia wewe mwenyekiti kabla haijafika kwangu. Naomba uje ghalani Jumamosi uione inavyofanya kazi, na utuambie inapokosea. Tarehe 1 Aprili chama chako kitaipata siku moja na wengine wote."

Wengi hukubali. Asiyekubali mwandike kwenye orodha ya wanaosubiri, mbele yake, kwa kalamu. Orodha hiyo ibandikwe mahali ambapo kila mtu anaiona, kwa mpangilio wa tarehe walizoomba. Usiwe na orodha ya pili.

Makosa yanayojirudia

Kuirusha APK kwenye kundi la WhatsApp "kwa wajaribu tu". Kundi lina watu 80 kufikia jioni.

Kuchukua data ya ghala na kukaa nayo kwenye kompyuta yako binafsi "ili nirekebishe kosa". Rekebisha ukiwa ghalani, au tumia nakala iliyofutwa majina na namba.

Kuongeza wajaribu kila wiki. Ukifika ghala la kumi hilo si jaribio tena. Umeshaifungua programu bila kusema.

Kudhani usiri ni usalama. Msimbo uliofichwa wenye nenosiri ndani yake ni dhaifu kuliko msimbo ulio wazi usio nalo.

Na kosa kubwa kuliko yote, ambalo hugundulika siku ya sherehe: repo ya siri ikifunguliwa, hufunguka na historia yake yote. Nenosiri la seva uliloliandika Januari ukalifuta Februari bado limo. Faili la majina ya wakulima ulilolipakia kwa bahati mbaya kisha ukaliondoa bado limo. Kufuta faili leo hakufuti jana.

Siku ya kufungua

Wiki moja kabla, pitia orodha hii na mwenzako, mmoja akisoma na mwingine akionesha ushahidi:

☐ Tumepitisha gitleaks (hutafuta nywila na funguo zilizosahauliwa) kwenye historia nzima ya repo
☐ Nywila na funguo zote za seva zimebadilishwa, hata zile tunazodhani hazikuvuja
☐ Kama historia ni chafu: tumeisafisha kwa git filter-repo, au tumeanza repo mpya yenye msimbo wa leo tu
☐ Faili la leseni lipo, na majina ya wenye hakimiliki yamekamilika
☐ Maelezo ya kusakinisha yapo kwa Kiswahili, na karani asiyetufahamu ameyafuata bila msaada
☐ Kilo za programu zimelinganishwa na vitabu vya maghala yote ya majaribio
☐ Kuna anwani ya kuripoti dosari za usalama kwa faragha

Kuhusu hilo la mwisho: GitHub ina sehemu ya kupokea ripoti za dosari bila kuzianika. Itumie, na jiwekee ukomo. Kwenye orodha ya faragha ya wasambazaji wa Linux, dosari haifichwi zaidi ya siku 14. Wewe nawe rekebisha, toa sasisho, kisha sema wazi kilichokuwa kimeharibika, ili AMCOS iliyoko mbali na mtandao ijue kwa nini inahimizwa kusasisha.

Siku yenyewe fuata mpangilio huu:

1. Asubuhi, fungua repo. Ingia kwa simu ya mtu mwingine isiyo na akaunti yako uhakikishe inaonekana, na kwamba kisichotakiwa hakionekani.
2. Toa APK kamili yenye rangi yake, iliyosainiwa kwa ufunguo wenu, na uandike alama yake ya uhakiki pembeni ili anayeipata kwa Xender aweze kuilinganisha.
3. Watumie viungo kwa wakati mmoja wote walio kwenye orodha ya kusubiri. Mwenyekiti na karani, wa Karagwe na wa Kyerwa, pamoja.
4. Kabidhi kila AMCOS iliyojaribu kumbukumbu zake kwenye faili linalofunguka kwa Excel, mbele ya karani na mjumbe mmoja wa bodi, na wasaini kwamba wamelipokea na kulifungua.
5. Baada ya saini hizo, futa data ya majaribio kwenye seva na kwenye nakala zake za akiba, kisha uzime seva ya majaribio.